Hesabuni na Waliotoka



Wanangu, maneno mengi sinayo tena, na haya machache niliyonayo mengi mmeshayasikia. Niliyasema kikao kilichopita, nikayasema nje ya msikiti, nikamwambia na sheha, akanijibu, "Maalim, tutalitazama." Leo nayarudia. Nimechoka, sitawaficha, lakini mtu aliyeshika chaki umri wake wote huzoea kurudia somo moja mpaka kengele ilie. Basi nivumilieni. Na mimi niliwavumilia nyinyi mlipokuwa mkiandika "b" mahali pa "d".

Ripoti ya skuli nimeisikiliza yote. Mwalimu mkuu kaisoma vizuri, na mmepiga makofi pale panapostahiki. Madarasa mapya yamesimama. Madawati yamefika, watoto hawakai tena sakafuni. Asilimia ya waliofaulu darasa la sita imepanda. Wapo waliochaguliwa kwenda skuli za michipuo, wapo na wa skuli za vipawa, na wazazi wao wamekaa mstari wa mbele wamependeza, mashaallah. Kisha tukasomewa malengo ya mwaka ujao: asilimia ipande tena, wa michipuo waongezeke, mtihani wa Kidato cha Pili asianguke mtu, ukuta wa skuli umalizike, na chumba cha kompyuta kipate kompyuta. Malengo mazuri. Sina ugomvi nayo hata moja.

Ninalo swali langu lile lile. Asilimia ya nani?

Hesabu hii mnaiweza, ila hamtaki kuifanya. Nitoe mfano, na ni mfano tu, msije mkatoka hapa mkasema Maalim katangaza takwimu za skuli. Tuseme darasa la kwanza waliandikishwa watoto 100. Miaka ikapita. Siku ya mtihani wa darasa la sita wakaingia chumbani 70, wakafaulu 63. Mwalimu atachukua 63 agawe kwa 70, apate asilimia 90, aiandike ubaoni kwa chaki ya rangi, nasi tupige makofi. Hajadanganya mtu. Lakini wale 30 wako wapi? Zigaweni 63 hizo kwa 100 mwone makofi yatakavyopungua. Kisha fuataneni na hao waliobaki mpaka Kidato cha Pili. Wapo watakaoishia njiani, wapo watakaochujwa na mtihani, na skuli itatuletea asilimia mpya, ya waliobaki. Kila mtoto dhaifu anapotoweka, asilimia inapanda. Yaani skuli ikitaka sifa kwa njia nyepesi kuliko zote, haina haja ya kufundisha zaidi. Inatosha isiwafuate watoro.

Sisemi walimu wetu wanafanya hivyo kwa makusudi. Wengi wao nimewasomesha mimi, nawajua. Nasema hesabu yenyewe ina mtego huo ndani yake, na mgema akisifiwa... mtamalizia wenyewe.

Nilimwomba mwalimu wa darasa la sita anionyeshe daftari lake la mahudhurio. Alinipa bila kinyongo, Mungu amjaalie. Ukurasa wa Januari umejaa alama za vema kutoka juu hadi chini. Miezi inavyokwenda, kuna majina yanaanza kupata sifuri za Jumatatu, kisha za Jumatatu na Ijumaa, kisha wiki nzima. Halafu unakuta mstari mwekundu juu ya jina, umepigwa kwa rula, umenyooka kama tulivyofundishwa, na pembeni pameandikwa "mtoro". Basi, hapana zaidi ya hapo. Hapakuandikwa kwamba baba yake mgonjwa, wala kwamba kapelekwa Unguja kwa shangazi yake kulea mtoto, wala kwamba yuko dago, kambi ya uvuvi, na wajomba zake. Mtoto kakaa nasi miaka mitano, na tunachoweza kumweleza mtu juu yake ni mstari wa rula.

Mtaniambia karafuu ndizo zilizowachukua. Najua mtaniambia karafuu, na mimi nimezaliwa chini ya mkarafuu, msinifundishe. Kile kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja kikaiacha ya Pemba, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao lile. Harusi zetu, bati za nyumba zetu, safari za hija za wazee wetu, vyote vimetoka humo. Enzi zetu serikali yenyewe ikituchukua wanafunzi ikatutia kambini tukachume. Kwa hivyo sitasimama hapa niseme mtoto asiiguse karafuu. Mtoto wa Pemba asiyejua kuchambua akatenga makonyo, huyo naye kuna kitu kimempita.

Ninalolisema ni hili. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, na mwaka wa neema hautufikii kwa ghafla. Mwenye shamba anainua uso, anatazama matawi, anajua miezi kabla kwamba atahitaji wachumaji wengi. Ikiwa yeye anajua, vipi skuli haijui kwamba madarasa yatakuwa matupu? Msimu ukiangukia vuli, unakutana uso kwa uso na mitihani ya mwisho wa mwaka. Hilo si ajali, linarudi, na kila likirudi tunalipokea kana kwamba ni mgeni. Serikali ilipoamua mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, tulishukuru, na bado tunashukuru. Lakini bei ikinona, mkono wa mtoto nao unapata thamani. Huanza na kuokota mpeta, karafuu zilizodondoka, jioni akitoka skuli, apate fedha ya daftari. Kesho anachelewa kidogo asubuhi. Wiki ya pili hamwoni.

Na nyinyi wenye mashamba mnanishangaza. Mkishapeleka magunia yenu kituoni kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, hamsemi msimu umekwisha. Mnarudi chini ya mikarafuu mkatazama kilichodondoka, kwa kuwa mpeta nao ni mali. Kwa watoto tunahesabu magunia, tunapiga makofi, tunakwenda zetu.

Kuna kijana mmoja wa darasa la tano. Sitamtaja, na mnaomjua naomba nanyi msimtaje. Nilimkuta kwa jirani yangu jioni moja wakati wa kupima. Kachuma pishi zake, tajiri anataka kumlipa. Kabla mtu mzima hajatoa simu mfukoni apige hesabu, kijana kashataja jumla yake, na akamkumbusha tajiri kwamba jana alibakishiwa. Sawasawa kabisa, hata shilingi haikupotea. Nikamuuliza mwalimu wake. Akaniambia, "Yule, Maalim? Hesabu hajui. Anapata sifuri."

Nikaliomba daftari lake. Mwandiko mzuri kuliko wangu mimi. Tarehe imepigiwa mstari, maswali yamenakiliwa kutoka ubaoni kwa Kiingereza, herufi kwa herufi, hata nukta haikukosekana. Nikamwambia, nisomee hapa. Akanitazama. Nikampa kitabu cha Kiswahili cha darasa la tatu. Akasoma silabi ya kwanza, ya pili, akanyamaza, akawa anakwaruza jalada kwa ukucha. Huyu kapita darasa la kwanza, la pili, la tatu, na mtihani wa darasa la nne kaukalia. Kila mwalimu aliyemfikia kauona mwandiko, kaupenda, katia vema.

Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilipoingiza Kiingereza katika hesabu na sayansi kuanzia darasa la tano, iliwakuta watoto wa namna hii wamejaa madarasani. Sitaki kuingia katika mjadala wa lugha, una wenyewe na wana digrii zao. Nitasema nilichokiona kwa macho. Mtoto aliyefika darasa la tano anasoma Kiswahili kwa raha, alitaabika kwa muda, kisha akashika. Asiyejua kusoma hata Kiswahili hakuwa na pa kukanyaga. Hesabu anayoifanya kichwani kwa shilingi, ubaoni inamjia kwa maneno asiyoyajua, katika maandishi asiyoweza kuyatamka. Ndio hao wanaopigiwa mstari mwekundu. Tunasema karafuu zimewachukua. Karafuu ziliwapokea, wanangu. Mtoto anayeambiwa kila asubuhi kwamba hajui, siku akipata mahali anapoitwa hodari, atabaki hapo hapo, na mimi simlaumu.

Tena kijana huyu huyu nilikwenda kumuulizia na kwa ustadhi wake wa chuo cha Kurani. Kaniambia ana kichwa kizuri, juzuu Amma kaimaliza kuihifadhi mbele ya wakubwa zake. Mnaona? Chuoni ni hodari, shambani ni hodari, skuli ni sifuri, na watu hawa watatu wanaomjua hawajawahi kukaa mkeka mmoja wakaulizana. Ustadhi na mwalimu wa skuli wanasali safu moja kila siku, wanapeana mkono, wanaulizana hali za nyumbani. Habari za mtoto wanayemfundisha wote wawili hazijawahi kutajwa. Na ratiba zao zinagongana, mtoto wa mkondo wa mchana anafika darasani kashachoka na chuo cha asubuhi, au na pwani. Hili nalo mkondo mmoja utalipunguza, inshaallah. Serikali ya Rais Hussein Mwinyi imejenga skuli za ghorofa, nyengine kwa fedha za ule mkopo wa UVIKO-19, na lengo lililotangazwa ni wanafunzi wasizidi 45 darasani na waingie mkondo mmoja. Likitimia hapa kwetu nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Lakini mwalimu mwenye watoto 45 naye anaweza kutia vema mwandiko mzuri.

Kambi nazo. Unapokaribia mtihani tunawaweka watoto kambini. Wazazi wanatoa mchele, nazi, kuni, walimu wanalala skuli, wanaacha wake na waume zao. Ni kazi ya kuheshimiwa na malipo yao yako kwa Mola. Ila tazameni ni nani anayeitwa kambini. Darasa la mtihani. Mwalimu aliye bora, taa, mchele, vyote vinakwenda kwa mtoto aliyebakiwa na miezi, kwa sababu huyo ndiye atakayeingia katika asilimia. Darasa la pili halijawahi kupikiwa hata sufuria moja ya uji. Na mtoto anaharibika hapo, darasa la pili, pale wenzake wanapoanza kuunganisha silabi yeye akawa anaitikia kwa sauti kubwa ili asijulikane. Ukimpa mchele akiwa darasa la sita, umempa kwa kuchelewa.

Niwasemee na wavulana peke yao, halafu nipumzike kidogo.

Liko jambo moja kubwa ambalo ripoti haikulitaja, labda kwa sababu tumelizoea. Zamani tulikuwa tukizunguka nyumba kwa nyumba kuwabembeleza wazazi wawaachie mabinti zao wasome. Tulitukanwa, tukafungiwa milango. Leo ukienda madarasa ya sekondari Zanzibar nzima, wasichana wamewazidi wavulana. Hayo ndiyo mafanikio, na waliyaleta watu waliokuwa tayari kugonga mlango. Sasa hebu tazameni upande wa pili. Kijana wa kiume akifika miaka 13 au 14 anachukuliwa dago. Anarudi na fedha, anampa mama, na mama, masikini, anaanza kumtengea sahani ya watu wazima. Tangu siku hiyo ukimwambia akae dawatini avae kaptura asimame anapoingia mwalimu, unamwona anavyokutazama. Nani anakwenda kugonga mlango wa huyu? Tumesema mwanamume atajua mwenyewe. Hajui. Nimewaona wakirudi wakiwa na miaka 20, wanakuja kwangu usiku, wananiomba niwasomee karatasi ya mkopo wa mashine ya boti, na wananiambia niseme taratibu wasisikie walio barazani.

Katika kila kikao lazima atokee mtu awataje wakubwa waliotoka Pemba, na leo kawataja katibu wa kamati ya skuli. Maalim Seif Sharif, mtoto wa Mtambwe, alisoma Wete, akavuka bahari kwenda King George VI Unguja kwa sekondari, akawa mwalimu, akawa Waziri wa Elimu, kisha Waziri Kiongozi. Dk. Omar Ali Juma, Makamu wa Rais wa Tanzania tangu 1995 hadi alipofariki 2001. Dk. Ali Mohamed Shein wa Chokocho, aliyeiongoza Zanzibar miaka kumi. Ni fahari yetu na watajwe. Ila mimi umri wangu unaniruhusu kukumbuka upande mwengine wa safari zile. Nafasi zilikuwa chache mno, na kwa kila mmoja aliyepanda meli, darasa zima lilibaki pwani likipunga mkono. Waliobaki hawakuwa wajinga, wengine walikuwa wakimfundisha huyo aliyeondoka. Wakati ule tulikuwa na udhuru. Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Karume alitangaza elimu bila ya malipo, udhuru ukaondoka siku hiyo, na kila mwaka tunaiadhimisha. Skuli iko hatua chache kutoka mlangoni, na sisi bado tunaiendesha kana kwamba kazi yake ni kumtafuta yule mmoja wa kupanda meli.

Sasa nawaombeni, na sitaomba fedha.

Ripoti ya mwakani isianze na waliofanya mtihani. Ianze na daftari la darasa la kwanza la watoto hao hao, lile la mwaka walioingia. Mwalimu mkuu alilete hapa, alifungue, atusomee waliokuwemo, kisha atusomee waliofika. Waliohama na wazazi wao tutawajua, waliofariki tutawaombea, na waliobaki tutakuwa na la kujibu. Asilimia ikishuka kwa hesabu hiyo, mwalimu mkuu, mwanangu, mimi nitasimama upande wako, na mtu asikutie ila. Itakuwa imeshuka kwa kuwa umesema kweli.

La pili, jina lisipigwe mstari mwekundu mpaka mtu awe amekwenda nyumbani kwa mtoto na kuandika alichokikuta. Mstari mmoja wa maandishi unatosha: kaondoka lini, yuko wapi, kwa nini. Kwa mwaka mmoja tu wa kuandika hivyo mtajua mengi kuliko ripoti zote zilizomo kabatini.

Na mtoto asivuke darasa la pili kabla hajasoma akasikilizwa na mtu mzima, ukurasa mmoja, peke yake, si kwa kuitikia na wenzake. Walimu mna watoto wengi, naelewa, niliwahi kuwa na darasa ambalo wa nyuma sikuwaona nyuso. Lakini wastaafu tupo. Tumejaa barazani, tunacheza bao, tunailaumu serikali kuanzia alasiri mpaka magharibi. Tupeni benchi chini ya mwembe na kitabu kimoja, mtuletee watoto wawili wawili. Macho yangu si mazuri lakini masikio yapo, na kumsikiliza mtoto akisoma hakuhitaji macho. Mkitaka kuiita kambi, iiteni kambi, na huo mchele safari hii upikwe uji wa darasa la pili.

Yule kijana niliyewaambia keshaanza kuja kwangu, jioni, akitoka chuoni. Nimeanza naye kwa risiti za karafuu, maana hizo anataka kuzisoma. Neno "jumla" alilishika siku ya kwanza.

Mwalimu mkuu ameniambia orodha ya wasioonekana tangu skuli zilipofunguliwa anayo tayari, ya darasa la tano, la sita na Kidato cha Kwanza. Sheha atapata nakala. Nyumba za upande wa pwani nitakwenda mimi, maana manahodha wa huko nawajua na baadhi yao wananiogopa bado. Za upande wa bondeni atakwenda Bi Mwenyekiti wa kamati pamoja na ustadhi. Tunaanza Jumamosi baada ya alasiri. Na wale vijana wawili wa Kidato cha Kwanza wako dago, hilo sote tunalijua. Anayejua ni dago gani asingoje nje aninong'oneze. Aseme hapa hapa, sheha ana kalamu mkononi.